Kamba ya Mkonge na Kiti cha Mwalimu Ndinda

Mwezi jana nilimkabidhi Mwikali funguo za duka letu la runinga hapa Kitui, na Kyalo nikamwachia meza ya ufundi. Tukiwa tunakunywa chai ya kuagana, wakaniuliza swali ambalo wateja wameniuliza karibu kila siku ya kazi yangu: mtu atumie pesa ngapi kununua TV, na aibadilishe lini? Nilitaka kujibu papo hapo, lakini chai ilikuwa inapoa na mandazi yalikuwa yamelipiwa. Kwa hivyo nimeketi niandike. Jibu lenyewe si refu. Nilichukua miaka mingi kulipata, na mara moja lilinigharimu heshima yangu ambayo, kama mnavyojua nyote wawili, si ndogo.

Sikurithi duka wala shamba la maana. Nilisomea diploma ya elektroniki Nairobi nikijilipia mwenyewe, kwa kutengeneza redio na pasi za majirani katika chumba nilichopanga. Mchana nilikuwa mwanafunzi, jioni nilikuwa fundi, na katika mambo yote mawili nilikuwa hodari kuliko wenzangu. Hilo si la kuficha. Diploma yenyewe ndiyo hiyo mnayoiona juu ya kaunta. Kyalo, usiiondoe kabla sijafa. Msumari niliupigilia vizuri.

Kutoka Nairobi nilikwenda Uarabuni, nikaajiriwa kutunza runinga za hoteli moja kubwa. Kila chumba kilikuwa na runinga, na vyumba vya matajiri vilikuwa na nyingine ndogo bafuni, kana kwamba mtu akioga kuna jambo litampita. Siku ya kwanza nilipewa runinga iliyokufa. Nikaifungua, nikaona kapasita moja imevimba, nikaibadilisha, picha ikarudi kama mpya. Nikamwita msimamizi nikitarajia sifa. Akaichomoa ukutani, akaipeleka kwenye rundo la takataka, akasema, "Hapa hatutengenezi. Tunabadilisha." Nilikaa hapo miaka kadhaa, nikajifunza kufunga runinga ukutani haraka kuliko mtu yeyote ninayemjua, na nilirudi nyumbani na sanduku la vifaa vizuri na imani moja: kikubwa na kipya ndicho kizuri. Imani hiyo niliileta Kitui pamoja na sanduku.

Mtu aliyenikaribisha mjini alikuwa Bwana Salim. Alitoka katika familia za Waislamu wa zamani wa hapa Kitui, na alikuwa ametengeneza redio tangu zile za valvu, ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo ziseme. Alinipangishia nusu ya duka lake. Siku ya kwanza alichukua diploma yangu, akavaa miwani, akaisoma yote mpaka sahihi.

"Hii imesema nini kuhusu viti?" akauliza.

"Viti gani, Bwana Salim?"

"Vya wateja."

"Haijasema kitu."

"Basi bado una masomo," akanirudishia.

Masomo yenyewe yalikuwa kamba. Ilikuwa kamba ya mkonge iliyosokotwa na mama mmoja mfumaji wa vyondo, ndefu kama mita nne, yenye mafundo. Ncha moja unaishikilia ukutani pale runinga itakapokaa, kisha unaivuta kamba mpaka kwenye kiti anachokalia mwenye nyumba, usawa wa macho yake. Fundo lililo karibu na kiti ndilo linalokwambia ukubwa wa kumuuzia. Fundo la kwanza lilikuwa la inchi ishirini na nne, la pili thelathini na mbili, la tatu arobaini na tatu, la nne hamsini na tano. Mafundo ya zamani, ya runinga zile zenye mgongo mrefu, alikuwa ameyafungua mwenyewe runinga bapa zilipoingia, na ukipapasa kamba bado unasikia mahali yalipokuwa.

Bwana Salim hakuuza runinga kabla ya kuona nyumba. Kama nyumba ilikuwa mbali, alimwambia mteja arudi akahesabu hatua zake kutoka ukutani hadi kitini. Wengine walikasirika wakaenda duka la pili. Wengi walirudi. Nami nilikuwa na futi ya chuma kutoka Uarabuni, inayojirudisha yenyewe ukibonyeza, kwa hivyo niliicheka ile kamba waziwazi. Yeye hakujali. Alisema, "Pima kila unapoingia. Hata kama ulipima jana. Ukuta hautembei. Kiti je?"

Nitawapa kisa kimoja cha siku hizo kwa sababu ndicho kilichonifundisha upande wa pesa. Alikuja bwana mmoja mkulima wa Kibwezi, anayelima nyanya na vitunguu kwa maji ya mto. Mavuno yalikuwa mazuri na Kombe la Dunia lilikuwa karibu.

"Nataka ile kubwa kabisa," akasema, akionyesha ya inchi sitini na tano.

"Sebule yako iko namna gani?" Bwana Salim akamuuliza.

"Mzee, mimi nimekuja kununua TV, sikuja kuuza nyumba."

Nikacheka, na nikamuuzia mimi. Nilikwenda Kibwezi nikaifunga siku hiyo hiyo, kazi safi, hakuna waya unaoonekana. Sebule ilikuwa ndogo kiasi kwamba waliokaa mbele waligusa kioo kwa magoti. Mwezi mmoja baadaye alikuja dukani akigeuka mwili mzima kila tulipomwita. Bwana Salim akaninong'oneza, "Mteja wako amekuja na shingo." Lakini shingo haikuwa neno lililomleta. Bei ya nyanya ilikuwa imeanguka, mashine yake ya kuvutia maji ilikuwa imeungua, na runinga ya inchi sitini na tano haiwezi kuvuta maji kutoka mtoni. Alitaka tuinunue. Tuliinunua, kwa hasara yake.

Tangu hapo nimewaambia wateja jambo moja, na nawaachia nyinyi mlitumie. Mtu anunue runinga ambayo ikiibwa usiku wa leo, anaweza kununua nyingine kama hiyo baada ya mavuno mawili bila kugusa karo, mbegu wala mashine ya maji. Mwenye mshahara ahesabu kwa namna yake, lakini sisi huku wengi tunahesabu kwa mavuno ya ndengu, na mavuno ya ndengu hayadanganyi. Kama hawezi, ashuke fundo moja. Kama bado hawezi, ashuke jingine. Hakuna mgeni aliyewahi kuingia nyumbani kwa mtu akatoa futi mfukoni.

Mengine ni ya kawaida, nayataja tu kwa haraka. Nyumba inayotumia sola muuzie runinga ya sola, ile inayokula umeme wa betri moja kwa moja. Ukimpa ya stima na kifaa cha kubadilishia umeme, betri itakwisha habari zikiwa katikati naye atasema wewe ni mwizi. Runinga ikipakiwa kwenye bodaboda isimame wima kati ya dereva na abiria, isilazwe kamwe. Nimezika vioo vingi vilivyolazwa. Na mteja akitaka ile yenye intaneti, muulize bando anaweka ya nini. Kama hanunui hata ya simu, hiyo intaneti itakuwa pambo.

Sasa nije kwa Mwalimu Ndinda.

Mwalimu Ndinda alifundisha shule ya msingi hapa Kitui kwa miaka mingi, na alikuwa mteja wa Bwana Salim kabla sijafika. Alipostaafu alirudi kwao Nunguni, kule milimani Makueni, kwenye nyumba ya mawe aliyojenga kwa mshahara wake mwenyewe, na miparachichi, na kuku, na hakuna mtu mwingine. Mume alikuwa amefariki. Mwanawe wa pekee, Musembi, alikuwa na kazi Nairobi. Mafundi wako Nunguni pia, lakini yeye alisema hafungui mlango kwa fundi asiyemjua. Kwa hivyo niliingiza Nunguni katika safari yangu ya Makueni, ambayo nilikuwa nikiifanya kila baada ya muda kwa gari langu: Wote, Nunguni, Kibwezi, na kurudi.

Alipohamia nilimfungia runinga ya inchi thelathini na mbili. Bwana Salim alikuwa bado hai, na ndiye aliyevuta kamba. Ikaangukia fundo la pili bila ubishi. Mimi nilipima kwa futi yangu, nikapata mita mbili na nusu, nikaandika kwenye kadi. Kadi zile zilikuwa wazo langu, na ni wazo zuri. Kila mteja ana kadi: ukuta wa aina gani, umeme wa aina gani, kiti kiko umbali gani. Hakuna duka jingine Kitui lililokuwa nazo. Bwana Salim alipofariki nilirithi kamba, nikaitia chini kabisa ya mkoba wa vifaa, nikaendelea na kadi.

Kitu alichopenda Mwalimu kwenye runinga kilikuwa hali ya hewa. Michezo ya kuigiza alisema ni ya watu wasio na shamba. Lakini baada ya habari, wanapoonyesha ramani na maandishi ya kila mji, alikuwa ameshika kalamu na daftari. Alinakili yote: mvua wapi, jua wapi, upepo. Majirani walikuja kumuuliza kama wapande, kama wapige dawa kwenye miti, kama waanike mahindi. Na kwa sababu Kitui ilikuwa kwenye orodha, alinipigia simu mimi, akianza na salamu yetu ya Kikamba.

"Wakya, fundi. Kitui wameandika mvua ya radi. Nguo zako ziko wapi?"

"Ziko nje, mwaitu."

"Mtu mwenye diploma analowesha suruali," na simu ikakatika.

Nilimwita mwaitu, yaani mama yangu, kama tunavyowaita wanawake wa umri wake, lakini hata mama yangu mzazi hakunisimamia hivyo. Simu hizo zilikuja miaka na miaka. Kisha zikapungua, halafu zikaisha. Nilidhani amechoka nami. Nilikuwa na kazi nyingi wakati huo, na nitasema ukweli, nilishukuru kidogo.

Baadaye akapiga kwa sababu nyingine. "Fundi, picha imefifia." Nilijua sababu kabla hajamaliza. Milima ya kule hukata mawimbi, na ukungu wa asubuhi huingiza maji kwenye viungo vya waya. Haya ni kweli, na ndiyo maana nilijiamini. Nikaenda nikainua antena kwa bomba refu zaidi. Picha yenyewe niliiona ni safi, lakini yeye alisema bado, nikambadilishia dikoda. Akasema bado. Nikamshauri apande hadi inchi arobaini na tatu, ile ya zamani nikaichukua kama sehemu ya malipo, nikamuuzia kinyozi mmoja wa Wote. Mara zote hizo kadi ilisema mita mbili na nusu, na mimi nilisoma kadi.

Mwaka mmoja hivi ukapita. Musembi akanipigia kutoka Nairobi.

"Fundi, mama anasema TV haionekani vizuri. Sasa mwekee inchi hamsini na tano tumalize hii maneno. Nakutumia pesa leo."

Akatuma. Siku ya safari nilianzia Kibwezi, na huko nikasahau futi yangu ya chuma juu ya friji ya mteja. Niligundua nikiwa tayari Nunguni, katika sebule ya Mwalimu, boksi la inchi hamsini na tano likiwa limesimama mlangoni.

Alinikaribisha vizuri. Alinimiminia chai akiwa ametia ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe, chai ilipogusa kidole akaacha kumimina. Nikafikiri ni mazoea ya uzee. Akasema, "Iweke pale pale ilipo hiyo nyingine. Na usiguse kiti changu."

Nilihitaji kupima mahali pa matundu. Futi haikuwepo. Nikachimba mkoba mpaka chini nikatoa kamba ya Bwana Salim, nikapima ukuta kwa hiyo. Nilipomaliza, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi, nikaivuta kuelekea kwenye kiti.

Haikufika hata fundo la kwanza. Kiti kilikuwa kabla ya fundo. Kwa kamba ile, Mwalimu Ndinda alihitaji runinga ndogo kuliko inchi ishirini na nne, na mimi nilikuwa nimemletea ya hamsini na tano.

Nikatoa kadi. Mita mbili na nusu, mwandiko wangu. Kadi zangu hazikosei. Ndipo nikatazama chini. Sakafu yake ni ya sementi nyekundu, anaipaka nta kila Jumamosi mpaka unajiona. Kile kiti ni cha mbao nzito, na miguu yake ilikuwa imechora. Kulikuwa na alama nne karibu na ukuta wa nyuma, za zamani, zimejaa nta. Kulikuwa na nyingine nne katikati ya chumba. Na nne mbichi pale kilipokuwa, mbele ya runinga, kama mtoto anayekatazwa kila siku kukaa karibu.

"Mwaitu, kiti kimesogea."

"Kiti hakisogei. Nimekisogeza mimi. Kule nyuma kuna baridi."

Runinga ilikuwa imewashwa. Nikamuuliza, "Hapo wameandika nini?"

"Unanipima, Mulwa?" Jina langu alilitumia akikasirika tu. "Mimi ndiye nilikuwa napima watoto wa watu."

"Soma tu, mwaitu."

Akainamia kioo. Akavaa miwani, akaivua. "Wameandika mambo ya serikali," akasema.

Lilikuwa tangazo la sabuni.

Daftari la hali ya hewa lilikuwa mezani. Nikalifungua. Kurasa za mwanzo zilikuwa na mwandiko wa ubaoni, ulionyooka. Kadiri nilivyofunua, mistari ilianza kupandana. Kisha karatasi nyeupe.

"Majirani wakija kuuliza mvua unawaambia nini?"

"Ninachosikia."

"Na siku ambazo hawasomi, wanaonyesha tu maandishi?"

"Nawaambia wangoje. Mama Kioko alingoja. Akapanda wakati mvua imepita."

Nikarudisha daftari. Akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba Musembi yuko jikoni, "Usimwambie kijana. Akijua sioni, hataniacha hapa peke yangu. Nitawekwa ghorofa ya nne Nairobi niangalie ukuta wa jirani, na hata huo sitauona. Funga TV yako. Ukiifunga nitaona."

"Hutaona, mwaitu."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ni fundi, na tatizo haliko kwenye TV."

Akanigeukia. "Na hii uliyoniuzia mwaka jana? Tatizo lilikuwa kwenye TV?"

"Hapana."

"Na bomba la antena?"

"Hapana."

"Dikoda?"

"Dikoda pia hapana."

"Kwa hivyo diploma yako iliniuzia vitu vitatu nikiwa kipofu."

Nimetukanwa na wateja kwa Kikamba, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Hakuna tusi lililonishika kama hilo, kwa sababu halikuwa tusi. Ilikuwa hesabu, na ilikuwa sahihi.

Simu yangu ikalia. Ni Musembi. "Fundi, umemaliza?"

"Sijaanza."

"Kwani nini?"

Mwalimu alikuwa akisikiliza, ameshika mikono ya kile kiti. Ningeweza kusema ukuta ni mbovu. Ningeweza kuifunga ile runinga na kuondoka, na kila mtu angeniita fundi mzuri mpaka siku Mwalimu atakapojikwaa kwenye ngazi yake mwenyewe. Nikasema, "Mama ana neno la kukuambia," nikamwekea simu mkononi.

Akaifunika kwa kiganja. "Wewe ni mtu mbaya sana," akaniambia. Kisha akaipeleka sikioni. "Musembi, sikia. TV sitaki. Macho yangu hayaoni, ni muda sasa. Nataka kupelekwa nikaangaliwe. Na kabla hujasema neno la Nairobi, jua nimeketi kwenye kiti changu na siinuki."

Walizungumza kwa muda mrefu. Mimi nilitoka nje nikawatazama kuku. Nilipoitwa ndani, Musembi alitaka kuongea nami.

"Fundi, nimekutuma TV, unaniletea hospitali."

"TV inarudi dukani. Pesa yako inarudi yote."

"Yote?"

"Yote. Na mafuta ya gari ni yangu."

Nadhani alikuwa akitafuta ulaghai uko wapi. "Nakuja Jumamosi," akasema.

Mapatano yao yalikuwa haya, na Mwalimu aliniambia mwenyewe akinisindikiza hadi mlangoni, akishika ukuta: macho yakikataa, atahamia kwa Musembi bila neno. Yakikubali, atabaki Nunguni, na Nairobi isitajwe tena. Kwa hivyo nilirudi Kitui na runinga kubwa nyuma ya gari na nyumba ya mtu juu ya mabega. Kwa wiki nyingi kila simu ilipolia nilitazama jina kwanza. Daktari aliona ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakapasua moja, wakangoja, wakapasua la pili. Habari hizo nilizipata kwa Musembi kwa maneno mawili mawili. Yeye Mwalimu hakupiga.

Safari yangu iliyofuata ya Makueni niliogopa kidogo kugonga ule mlango. Ulifunguka kabla sijagonga. Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Kumbe Mulwa umezeeka hivi! Sauti yako ilikuwa inanidanganya."

Nikaingia. Kiti kilikuwa karibu na ukuta wa nyuma, miguu yake ndani ya alama nne za kwanza. Alikuwa amekirudisha mwenyewe. Nikatoa kamba bila kuambiwa, nikaivuta. Fundo la pili.

"Hii kubwa sasa inanipigia kelele machoni," akasema. "Niletee ile yangu ya kwanza."

Ile ya kwanza ilikuwa kwa kinyozi wa Wote. Nikaenda nikampa ya inchi arobaini na tatu, nikachukua yake ya thelathini na mbili, bila mimi kumwongeza wala yeye kuniongeza. Kinyozi huyo mpaka leo anaamini siku hiyo nilikuwa nimelewa. Mwalimu nilimrudishia pia bei ya bomba na dikoda, na pesa alizoongeza juu ya ile ya arobaini na tatu. Alizipokea bila kusema asante, na alifanya vizuri.

Hilo ndilo jibu la lini. Runinga hubadilishwa ikiwa kuitengeneza kunakula zaidi ya nusu ya bei ya nyingine, au watu wa nyumba wameongezeka na viti vimerudi nyuma. Jirani kununua si sababu. Kombe la Dunia si sababu. Na mteja akisema haoni vizuri, usianze kwenye antena. Anza kwenye kiti. Kama kimesogea mbele, usiuze kitu siku hiyo.

Kadi ya Mwalimu iko kwenye droo, herufi ya N. Sikuifuta. Imeandikwa mita mbili na nusu, na chini yake nimeandika tarehe zote nilizoingia nyumbani kwake bila kupima. Kyalo aisome siku atakayojiona hodari kama mimi. Kamba nimemwachia Mwikali, iko kwenye msumari wa pili, chini ya diploma.

Mimi sasa niko nyumbani. Nafua nguo zangu mwenyewe na kuzianika uani. Jana baada ya habari za saa saba mchana simu ililia.

"Wakya, fundi. Kitui wameandika mvua."

Nikatoka nje nikatazama juu. Hakukuwa na wingu hata moja, kutoka huku mpaka upande wa Mwingi. Nikaanua nguo zote.